Jina la Kipekee na Mamlaka ya Kulitoa: Historia ya Kuzuia Mgongano wa Majina baina ya Moduli katika Lugha ya Programu ya Java, 1996–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna lugha ya programu ya Java ilivyokabili tatizo la mgongano wa majina baina ya moduli zinazoandikwa na watu wasiojuana. Hoja kuu ni kwamba waasisi wa Java waliuweka utatuzi upande wa mtoaji wa moduli, kwa kumtaka atunge jina la kipekee duniani, na hawakumpa mtumiaji haki ya kulibadili jina hilo ndani ya programu yake. Uamuzi huo ulizuia migongano mingi ya bahati mbaya, lakini uliacha mapengo matatu: uagizaji wa jumla, kukutana kwa matoleo mawili ya maktaba moja, na umiliki wa jina lenyewe. Matukio ya 1998, 2017 na 2020 yanaonesha kuwa haki iliyokosekana ndani ya lugha ilirudi kupitia zana za nje, kwa gharama kubwa zaidi.

1.0 Utangulizi

Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja. Hukusanywa kutokana na moduli, yaani vipande vya msimbo ambavyo huandikwa, hukaguliwa na kusambazwa kila kimoja peke yake. Kila moduli ina vitambulishi vyake, yaani majina ya klasi, ya taratibu na ya vigeu. Mwandishi mmoja akiiita klasi yake List, na mwingine asiyemjua akalitumia jina hilohilo kwa kitu tofauti, hakuna aliyekosea. Tatizo huzaliwa siku mtu wa tatu anapozitumia moduli hizo mbili kwa pamoja. Hapo mfumo ama hushindwa kujua ni List ipi inayotajwa au, hali iliyo mbaya zaidi, huchagua mojawapo bila kuuliza.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Katika mtaa wenye kina Asha wawili, watu husema Asha wa Juma na Asha wa Hamisi: jina hurefushwa kwa nasaba mpaka lisifanane na jingine. Ndani ya nyumba moja, hata hivyo, wenyeji wanaweza kumwita mmoja Asha Mkubwa na mwingine Asha Mdogo, na majina hayo yakawa na maana humo ndani tu. Njia ya kwanza imo upande wa mwenye jina. Njia ya pili imo upande wa anayeita. Lugha za programu nazo zimepita katika njia hizi mbili, na makala haya yanazitumia kama kipimo cha kuitathmini Java. Lugha hii inafaa kuchunguzwa kwa sababu iliishika njia ya kwanza kwa uthabiti, ikaenea sana, na ikadumu kwa muda wa kutosha kuonesha matokeo ya uamuzi huo.

2.0 Usuli wa Tatizo

Katika lugha ya FORTRAN iliyotolewa mwaka 1957 kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704, jina la kigeu halikuweza kuzidi herufi sita. Kikomo hicho kililingana na maumbile ya mashine: neno moja la biti 36 lilitosha herufi sita za biti sita kila moja. Mwaka uliofuata, FORTRAN II iliruhusu taratibu zifasiriwe kila moja peke yake na kuunganishwa baadaye. Kuanzia hapo jina la utaratibu halikuwa tena la faili moja. Lilikuwa la programu nzima, na waliolichangia walikuwa wengi.

Kivuli cha herufi sita kilikuwa kirefu. Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 bado kiliwahakikishia waandishi herufi sita tu za mwanzo kwa majina yanayoonekana nje ya faili, na ni kiwango cha 1999 kilichopandisha idadi hiyo hadi 31. Aidha, C ilimruhusu mwandishi kulificha jina ndani ya faili moja au kuliacha wazi kwa programu nzima, bila ngazi ya kati. Waandishi wa maktaba walilazimika kujiwekea desturi ya viambishi awali: taratibu za OpenGL huanza na gl, na za maktaba ya picha za PNG huanza na png_. Desturi hiyo ilifanya kazi maadamu hakuna mtu mwingine aliyekipenda kiambishi hichohicho.

Wakati huohuo utatuzi mwingine ulikuwa ukikomaa. Mwaka 1972 David Parnas alitetea kwamba kila moduli ifiche uamuzi wa usanifu unaoelekea kubadilika, na ioneshe nje yale tu yanayohitajika. Niklaus Wirth, baada ya kuiona lugha ya Mesa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, aliibuni Modula-2 mjini Zürich mwishoni mwa miaka ya 1970. Katika lugha hiyo kitambulishi kilichoagizwa huweza kutajwa pamoja na jina la moduli yake, hivyo majina mawili yanayofanana hayagongani. Ada ya 1983 ilimruhusu mtumiaji kukipa jina jipya kitu kilichotangazwa kwingine. Oberon, lugha iliyofuata ya Wirth, ilimruhusu aipe moduli nzima jina la mkato pale anapoiagiza. Hata Fortran 90, mrithi wa lugha ile ya herufi sita, ilimpa mtumiaji uwezo wa kubadili jina mahali pa matumizi.

Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia zote mbili zilikuwa zimekwisha kujulikana. Jambo hili lina uzito katika hoja inayofuata: Java haikuishika njia ya kwanza kwa kukosa nyingine. Iliichagua.

3.0 Uamuzi wa Java

Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1996, na katika mwaka huohuo James Gosling, Bill Joy na Guy Steele walichapisha maelezo rasmi ya lugha hiyo. Mazingira ya uamuzi wao yalikuwa mapya. Msimbo wa Java ulikusudiwa kusafiri katika intaneti na kupakiwa ndani ya mashine ya mtu asiyemfahamu aliyeuandika. Mgongano haukuwa tena suala la wafanyakazi wa ofisi moja wanaoweza kukaa na kuelewana. Ulikuwa baina ya wageni.

Maelezo hayo yalipendekeza kwamba kila klasi iwekwe ndani ya kifurushi, na kwamba jina la kifurushi lianze na jina la kikoa cha mwandishi katika intaneti, lililogeuzwa. Sababu ya kuligeuza ni ya mpangilio: jina la kikoa huanza na mahususi na kuishia na jumla, ilhali ngazi za vifurushi huanza na jumla kwenda mahususi. Taasisi ya Tanzania ambayo kikoa chake huishia na .tz itaanza majina ya vifurushi vyake na tz, kisha ngazi nyingine zifuate. Toleo la kwanza la maelezo lilitaka sehemu hiyo ya mwanzo iandikwe kwa herufi kubwa. Toleo la pili, la mwaka 2000, lilitumia herufi ndogo, na ndivyo inavyoandikwa hadi leo.

Ubora wa uamuzi huu unastahili kutambuliwa. Sun haikuanzisha sajili mpya ya majina wala kuajiri makarani wa kuisimamia. Iliazima mamlaka ambayo tayari ilikuwapo, kwa kuwa kila kikoa kina mmiliki mmoja kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba kompaila, yaani programu inayoufasiri msimbo, haikupewa kazi ya kuhakiki iwapo mwandishi anakimiliki kikoa anachokitaja. Kanuni hiyo ilibaki kuwa desturi. Hata hivyo desturi hiyo ilishika. Hazina kuu ya maktaba za Java, Maven Central, iliigeuza kuwa sharti: anayetaka kuchapisha kwa jina la kikoa hutakiwa kuthibitisha kuwa ni chake.

Kilichoachwa nje ni haki ya mtumiaji. Uagizaji katika Java ni ufupisho tu: mwandishi akikwisha kuagiza java.util.List anaweza kuandika List, na kompaila hulirudisha jina refu katika faili lililofasiriwa. Hawezi kuiagiza klasi hiyo kwa jina jingine. Akihitaji klasi mbili zenye jina fupi moja ndani ya faili moja, mojawapo hana budi kuiandika kwa jina lake refu kila inapotokea.

Utetezi wa msimamo huo upo, nao si dhaifu. Jina lisilobadilika husomeka kwa maana ileile kila mahali, na msomaji mpya wa programu ya mwenzake hahitaji kwanza kujifunza lakabu za nyumba hiyo. Swali la kihistoria ni kama faida hiyo ilidumu pale mambo matatu ambayo uamuzi wa 1996 haukuyatatua yalipojitokeza.

4.0 Uagizaji wa Jumla na Tukio la 1998

Pengo la kwanza lilionekana mapema. Java inaruhusu kuagiza majina yote ya kifurushi kwa alama ya nyota. Waandishi wengi wa programu zenye madirisha na vitufe walikuwa na mazoea ya kuagiza java.awt na java.util zote kwa jumla. Tangu 1996 kifurushi cha java.awt kilikuwa na klasi iitwayo List, ambayo ni kisanduku cha kuchagulia vitu kwenye skrini. Mnamo Desemba 1998 toleo la 1.2 lilitoka na mfumo mpya wa mikusanyo ya data, na ndani yake java.util ikapata List yake.

Faili lililoziagiza zote mbili kwa jumla na kulitaja jina List sasa lilikataliwa na kompaila, ingawa hakuna hata herufi moja iliyobadilishwa ndani yake. Utatuzi ulikuwa mwepesi: kuongeza mstari unaoitaja List inayokusudiwa, kwa sababu uagizaji wa jina moja hutangulia uagizaji wa jumla. Lakini tukio lilifundisha jambo lisilo jepesi. Anayeagiza kwa jumla hakubali tu majina yaliyopo leo. Anakubali pia majina ambayo mwenye kifurushi atayatunga kesho.

Ikumbukwe kuwa mafaili yaliyokuwa yamekwisha kufasiriwa hayakuguswa na tukio hili, kwa kuwa ndani yake jina refu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Jina refu lilimlinda mtumiaji wa faili lililofasiriwa. Katika pengo la pili na la tatu, jina hilohilo refu ndilo lililogeuka kuwa kikwazo.

5.0 Jina Moja, Matoleo Mawili

Jina la kikoa hutenganisha wamiliki; halitenganishi nyakati. Chukulia programu inayotumia maktaba mbili, na kila moja ya maktaba hizo inaitegemea ya tatu, moja ikitaka toleo la zamani na nyingine toleo jipya. Matoleo yote mawili yana majina yaleyale, kwa vifurushi na klasi zilezile, tena kwa haki, maana mmiliki ni mmoja. Mashine ya Java hutafuta klasi kwa kufuata orodha ya njia na kuichukua ya kwanza kuonekana. Programu huanza bila malalamiko, na huweza kuanguka baadaye, inapouita utaratibu usiokuwapo katika toleo lililochukuliwa.

Wabunifu wa mashine hiyo walikuwa na njia ya kutokea: kipakiaji cha klasi, yaani sehemu inayoleta klasi kutoka kwenye faili au mtandao. Mwaka 1997 Vijay Saraswat alionesha kwamba vipakiaji viwili vinavyoleta klasi mbili tofauti zenye jina moja vinaweza kuudanganya mfumo wa aina za data. Mwaka 1998 Sheng Liang na Gilad Bracha walieleza marekebisho, wakasimama juu ya kanuni kwamba klasi, mashine ikiwa inaendesha programu, haitambulishwi na jina peke yake bali na jina pamoja na kipakiaji kilichoileta. Kanuni hiyo ni ungamo la kimyakimya: jina la kipekee duniani halikuwa la kipekee ndani ya mashine moja. Juu yake ulijengwa mfumo wa OSGi, ulioanza 1999, ambao huipa kila moduli kipakiaji chake. Gharama yake ni makosa yanayomshangaza mwandishi, kama vile ujumbe kwamba kitu cha klasi fulani hakiwezi kuchukuliwa kuwa cha klasi hiyohiyo.

Moduli rasmi ziliingia katika lugha na Java 9, Septemba 2017, baada ya mvutano. Katika kura ya Mei mwaka huo pendekezo lilikataliwa kwa kura 13 dhidi ya 10, kisha likapitishwa mwezi uliofuata. Mfumo huo uliimarisha ufichaji alioutetea Parnas, lakini katika suala la majina ulikaza kamba: kifurushi kimoja kisitokee katika moduli mbili. Moduli mbili zinazopakiwa pamoja programu inapoanza zikiwa na kifurushi chenye jina moja, programu hukataa kuanza, hata kama kifurushi hicho kimefichwa katika moduli zote mbili. Kuchagua baina ya matoleo hakukuwa miongoni mwa kazi za mfumo huo.

Kwa kukosa mlango, watumiaji walipitia dirishani. Zana kama kiambatisho cha Shade cha mfumo wa Maven huyafungua mafaili yaliyokwisha kufasiriwa, hulibadili jina la kifurushi kila mahali linapotokea, na kuiweka nakala hiyo ndani ya maktaba ya mtumiaji. Hii ndiyo haki ya kubadili jina, ikitekelezwa baada ya kompaila kumaliza kazi. Kwa kuwa kompaila haishiriki, majina yaliyoandikwa kama maneno ya kawaida ndani ya msimbo huweza kuponyoka. Hatari ya pili ilidhihirika Desemba 2021, ilipotangazwa kasoro kubwa ya usalama katika maktaba ya Log4j. Wasimamizi wa mifumo walitakiwa kuitafuta maktaba hiyo kila ilipo, lakini nakala zilizofungiwa ndani ya maktaba nyingine kwa majina yaliyobadilishwa hazikuonekana kwa kutazama orodha ya mafaili.

6.0 Jina na Mmiliki Wake: Kutoka javax hadi jakarta

Pengo la tatu linahusu mamlaka. Jina lililojengwa juu ya umiliki hufuata hatima ya umiliki. Dalili ilionekana 1998, pale vifurushi vya Swing, vinavyochora madirisha ya programu, vilipohamishwa kutoka com.sun.java.swing kwenda javax.swing, na kila programu iliyovitumia ikalazimika kurekebishwa. Dalili nyingine ilikuja 2010, Oracle ilipoinunua Sun: jina la kampuni lilitoweka sokoni, lakini vifurushi vinavyoanza na com.sun vilibaki, kwa sababu kuvibadili kungevunja kazi za watu.

Tukio kubwa lilianza 2017, Oracle ilipoamua kuukabidhi mkusanyo wa Java EE, unaotumika katika mifumo ya seva, kwa taasisi ya Eclipse. Msimbo ulikabidhiwa, jina halikukabidhiwa. Mkusanyo ulipewa jina jipya la Jakarta EE, na Mei 2019 ikatangazwa kwamba pande mbili hazikuafikiana kuhusu vifurushi vinavyoanza na javax. Vingeweza kutumika kama vilivyo, lakini taasisi isingeruhusiwa kuviendeleza kwa jina hilo. Jakarta EE 8 ya Septemba 2019 ilibaki na majina ya zamani. Jakarta EE 9, mwishoni mwa 2020, ilibadili javax kuwa jakarta katika mkusanyo wote, na kazi yake kubwa ilikuwa badiliko hilo la jina.

Athari zilienea katika mnyororo mzima. Seva ya Tomcat iligawanyika, toleo la 9 likishika majina ya zamani na la 10 majina mapya. Mfumo wa Spring ulivuka upande wa pili kwa toleo lake la 6, Novemba 2022. Kubadilisha kibubusa hakukuwezekana, kwa kuwa baadhi ya vifurushi vya javax, mathalani javax.swing na javax.crypto, ni vya Java yenyewe na havikuhama. Mradi wa Tomcat ulilazimika kutoa zana ya kuyabadili mafaili yaliyokwisha kufasiriwa. Kwa mara nyingine, mtumiaji alipewa nje ya lugha kile alichonyimwa ndani yake.

7.0 Mjadala

Mtu anaweza kudhani kwamba lakabu mahali pa kuagiza zingetosha kuyaziba mapengo haya. Ushahidi haukubaliani na dhana hiyo. Scala, iliyotolewa 2004, na Kotlin, iliyokomaa kwa toleo la 1.0 mwaka 2016, hutumia mashine ileile ya Java, na zote humruhusu mwandishi kuagiza klasi kwa jina jingine. Lakabu hiyo huondoa usumbufu wa pengo la kwanza. Haigusi la pili wala la tatu, kwa sababu kompaila huifuta na kuandika jina refu la mtoaji ndani ya faili.

Hivyo basi, haki ya kubadili jina ina ngazi mbili. Ngazi ya chini ni ya mwandishi ndani ya faili lake. Ngazi ya juu ni ya anayeikusanya programu kutokana na moduli zilizokwisha kufasiriwa, na huyu ndiye anayekutana na matoleo mawili au na jina lililobadili mwenyewe. Java haikuitoa haki hiyo katika ngazi yoyote. Lugha zilizoirithi mashine yake zilitoa ya chini. Ya juu imeachiwa zana zinazoyachokonoa mafaili bila kompaila kuwa shahidi.

Ikumbukwe pia kwamba hoja ya usomekaji iliyotetea msimamo wa 1996 imepungua nguvu. Jina lilitakiwa kuwa na maana moja kila mahali. Lakini pale maktaba ileile inapoishi ndani ya programu moja kwa majina matatu, yasiyotangazwa popote katika msimbo, msomaji amepoteza faida ya uthabiti bila kupata uwazi ambao lakabu iliyotangazwa rasmi ingempa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa jina la kikoa lililogeuzwa lilikuwa jibu zuri kwa swali moja: wageni wawili watawezaje kutunga majina bila kugongana? Kwa swali hilo, desturi ya 1996 ingali inafanya kazi. Lakini mgongano baina ya moduli una maswali mengine mawili: jina litafanyaje kitu kinapobadilika na jina lisibadilike, na litafanyaje mmiliki anapobadilika na kitu kisibadilike? Uzoefu wa Java unaonesha kuwa hakuna urefu wa jina unaoweza kuyajibu. Kwa wabunifu wa lugha zijazo, funzo la kihistoria ni kwamba jina analolitoa mwenye moduli na jina analolitumia mkusanyaji wa programu ni vitu viwili, na uhusiano kati yake unafaa kuandikwa ndani ya lugha, mahali ambapo kompaila inaweza kuuhakiki na msomaji anaweza kuuona.